Kama joto lote linatoka kwenye jua, kwa nini tunalaumu moshi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mwanangu yuko kidato cha pili. Juzi alirudi nyumbani na swali lililonishinda: kama joto lote la dunia linatoka kwenye jua, kwa nini watu wanalaumu moshi wa magari na viwanda? Siku hiyo hiyo kaka yangu akanitumia sauti kwenye simu. Kuna mtu anaeleza kwamba jua lina mzunguko wa miaka 11, kwamba sasa liko kileleni ndiyo maana tunaungua, na kwamba likishapita hapo dunia itaingia kwenye baridi kali kama ya Ulaya ya miaka 300 iliyopita. Anasema hata sayari ya Mars nayo inapata joto. Kaka ameamini, na ananiambia niache kujisumbua. Sijui nimwamini nani. Halafu mwanangu sasa anataka kuyaona hayo madoa ya jua kwa macho yake, nami naishi na mama yangu mzee ambaye siku za joto kali anazidiwa. Nisaidie nielewe: jua linahusika au halihusiki?"*

Mama, mwanao hajakosea. Joto tunaloishi nalo, ukiacha kiasi kidogo sana, linatoka kwenye jua. Dunia ina joto lake tumboni, lakini linalopanda hadi juu halifiki hata sehemu moja ya kumi ya wati kwa kila mita ya mraba. Jua linatupa wati 340 kwa mita ya mraba, ukichukua wastani wa mchana na usiku, wa ikweta na ncha za dunia. Upepo, mvua, mikondo ya bahari, hata kuni tunazochoma, zote ni nguvu ya jua iliyobadili sura. Kwa hiyo jua linahusika, tena sana.

Ila ndani ya swali lake kuna maswali mawili yaliyovaa nguo moja. La kwanza: joto linatoka wapi? La pili: joto limeongezeka kwa sababu gani? Chukua pipa lenye bomba linalomwaga maji juu na tundu dogo la kutolea maji chini. Maji yote ya pipa hilo yametoka bombani, hakuna ubishi. Lakini ukiona leo maji yamepanda kuliko jana, na bomba linamwaga kama lilivyomwaga jana, hutalilaumu bomba. Utainama uangalie tunduni. Huyo aliyerekodi sauti amechukua jibu sahihi la swali la kwanza akalibandika kwenye la pili, na ndiyo maana maneno yake yanaingia akilini kirahisi.

Pipa la namna hiyo lina tabia moja muhimu. Maji yakipanda, uzito wake unasukuma zaidi tunduni na yanatoka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kina cha maji hutulia pale yanayotoka yanapolingana na yanayoingia. Ukiliziba tundu kidogo, maji hayapandi bila kikomo. Yanapanda mpaka msukumo mpya uweze kutoa kiasi kile kile kupitia tundu jembamba. Dunia inafanya vivyo hivyo na joto. Katika zile wati 340, kama asilimia 30 inarudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga mweupe bila kutupasha. Wati 240 hivi zinabaki. Ili joto la dunia litulie, dunia nayo lazima itoe wati 240 kwenda angani. Kitu chochote chenye joto hutoa mionzi, na kikipata joto zaidi hutoa zaidi.

Sasa lililo muhimu kuliko yote ni kwamba kinachoingia na kinachotoka si kitu cha aina moja. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, na kitu cha moto kiasi hicho hutoa hasa mwanga tunaouona. Dunia, yenye wastani wa nyuzi 15, hutoa mionzi ya infraredi ambayo jicho halioni, ila ngozi huihisi ukikaa karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Hewa yetu inaupitisha mwanga wa jua kwa urahisi, lakini baadhi ya gesi zake zinaikamata ile infraredi inapojaribu kutoka. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka hewa ukaa (kaboni dioksidi) kwenye mtungi wa kioo juani akaona inapata joto kuliko hewa ya kawaida. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alipima jambo hilo kwa uangalifu mkubwa maabarani, akakuta naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, haziizuii mionzi ya joto, ilhali mvuke wa maji na hewa ukaa zinaizuia. Hesabu inatuambia kwamba bila gesi hizo dunia ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri. Jua lile lile, umbali ule ule, na bahari imeganda.

Hapa naomba nisahihishe neno moja, kwa sababu limewapoteza wengi. Tunasema "moshi", na mtu anafikiria lile wingu jeusi linalotoka kwenye bomba la lori. Moshi unaoonekana unaharibu mapafu, lakini si huo hasa unaoziba tundu la pipa. Tena vumbi jembamba la salfa linalotoka viwandani huakisi mwanga wa jua na kuipoza dunia kidogo. Anayeziba ni hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu. Gari safi lisilotoa moshi wowote wa kuonekana, mradi linachoma petroli, linaitoa. Mwambie mwanao hivyo, maana nadhani nusu ya mkanganyiko wake iko kwenye neno lenyewe.

Kabla ya viwanda kushamiri, katika kila chembe milioni za hewa kulikuwa na chembe 280 hivi za hewa ukaa. Mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa imefika 315. Leo imepita 420. Nasikia watu wakisema hicho ni kiasi kidogo mno kuleta madhara. Lakini karibu chembe nyingine zote za hewa hazishiriki katika kazi hii, kwa hiyo kuzihesabu ni kama kuhesabu watu waliosimama pembeni wakati wachache wanabeba mzigo.

Nije kwenye ile sauti. Mzunguko wa miaka 11 upo kweli, na naupenda sana kwa sababu aliyeugundua alikuwa mfamasia wa Ujerumani, Heinrich Schwabe, aliyelitazama jua kila siku ya anga safi tangu mwaka 1826 akitafuta sayari mpya karibu na jua. Sayari hakuipata. Baada ya miaka 17 ya kuhesabu madoa meusi aliona yanaongezeka na kupungua kwa zamu. Madoa hayo ni sehemu za uso wa jua zilizopoa kidogo kwa sababu ugasumaku mkali unazuia joto kupanda kutoka chini. Ungetarajia jua lenye madoa mengi liwe hafifu. Ni kinyume: kuzunguka madoa kuna maeneo yanayong'aa zaidi ya kawaida, na mng'ao huo unazidi kile kinachopotea kwenye madoa. Jua lenye madoa mengi ndilo lenye nguvu zaidi.

Zaidi kwa kiasi gani? Huko juu nje ya angahewa, uso ulioelekezwa moja kwa moja kwenye jua hupokea wati 1,361 kwa mita ya mraba. Kati ya kilele cha mzunguko na bonde lake, tofauti ni kama wati moja. Ni sehemu moja ya elfu. Ukiisambaza kwenye dunia nzima ya mviringo na kutoa ile inayoakisiwa, inabaki chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya wati, na joto la dunia linapanda na kushuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, liliweka mchango wa binadamu tangu mwaka 1750 kuwa wati 2.7 hivi kwa mita ya mraba. Nao haushuki baada ya miaka mitano kama wa jua. Jua linapanda ngazi moja na kuishuka, kila baada ya miaka 11. Kitu kinachokwenda mbele na kurudi hakiwezi kukupeleka mbali, lakini katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa tayari na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Ni kweli kwamba jua lilifika kileleni hivi karibuni. NASA na wenzao wa Marekani wanaofuatilia hali ya anga za juu walilitangaza jambo hilo Oktoba 2024. Na ni haki kusema kwamba kilele hicho kilichangia kidogo kwenye joto la miaka ya 2023 na 2024, pamoja na El Niño, yaani bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Lakini rudi nyuma mzunguko mmoja. Kilele cha mwaka 2014 kilikuwa dhaifu kuliko vyote kwa takriban miaka mia moja. Kama jua ndilo linaloendesha gari hili, miaka hiyo tungeona unafuu. Badala yake mwaka 2014 uliweka rekodi ya joto, 2015 ukaivunja, 2016 ukaivunja tena. Setilaiti zinalipima jua moja kwa moja tangu mwaka 1978, na katika muda wote huo nguvu yake haijaonyesha kupanda. Kama kuna mwelekeo wowote, ni wa kushuka kidogo. Bomba halijafunguliwa zaidi.

Hata tusingekuwa na setilaiti zinazotazama jua, bado tungeweza kumjua mhusika, kwa sababu kila chanzo cha joto huacha alama zake, kama vidole kwenye kikombe. Hoja hii ndiyo iliyonishawishi mimi nilipokuwa mwanafunzi, nami naona inafaa kuelezwa zaidi kuliko nyingine zote. Angahewa ina matabaka. La chini ndilo tunamoishi na mvua inamonyesha. Juu yake, kuanzia kilomita kumi na kitu hadi hamsini hivi, lipo tabaka liitwalo stratosfia. Jua likizidi nguvu, matabaka yote mawili yangepata joto, tena la juu lingetangulia kwa sababu ozoni iliyomo hunyonya mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayobadilika zaidi katika mzunguko wa jua. Hewa ukaa ikizidi, hali ni tofauti kabisa. Chini inakamata joto. Lakini kule juu, ambako hewa ni nyembamba, kila chembe ya hewa ukaa ni kama dirisha la kutolea joto kwenda angani, na madirisha yakiongezeka stratosfia inapoa. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walifanya hesabu hiyo kwa kompyuta wakatabiri: chini kutapata joto, juu kutapoa. Wakati huo hapakuwa na vipimo vya kutosha vya kuthibitisha wala kukanusha.

Leo vipimo vipo, vya maputo na vya setilaiti. Chini kumepata joto, stratosfia imepoa. Sehemu ya kupoa huko, hasa upande wake wa chini, ilisababishwa na kuharibika kwa ozoni, lakini juu zaidi hewa ukaa ndiyo mhusika mkuu. Jua haliwezi kufanya hivyo, hata ukilipindisha vipi. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 90.

Alama ya pili utaielewa bila mashine. Jua halipo usiku. Kama ongezeko la joto linatokana na jua, mchana ungeongezeka joto kuliko usiku. Katika maeneo mengi ya nchi kavu, kwa karne ya 20, usiku ndio ulioongezeka joto haraka zaidi. Hivyo ndivyo inavyokuwa tundu la pipa linapozibwa: maji yanashindwa kushuka hata bomba likifungwa.

Sasa ile baridi ya Ulaya. Kati ya mwaka 1645 na 1715 madoa yalikaribia kutoweka kwenye jua, na kipindi hicho kinaitwa kipindi cha Maunder. Ni kweli pia kwamba Ulaya ilikuwa na majira makali ya baridi, na mto Thames uliganda London watu wakafanya gulio juu yake mwaka 1683 kuingia 1684. Lakini baridi ya karne hizo ilianza muda mrefu kabla ya madoa kutoweka. Volkano ya Samalas huko Lombok ililipuka mwaka 1257, nyingine kubwa zikafuata, Huaynaputina ya Peru mwaka 1600, na baada ya Maunder ikaja Tambora mwaka 1815, iliyoufanya mwaka 1816 ukose kiangazi katika sehemu za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Volkano hutupa salfa juu sana angani, nayo inaakisi mwanga wa jua kwa mwaka mmoja au miwili. Pinatubo ilipolipuka mwaka 1991, dunia ilipoa kwa karibu nusu nyuzi. Hata kuganda kwa Thames kulisaidiwa na daraja la zamani la London, ambalo nguzo zake nene zilipunguza kasi ya maji. Lilipobomolewa katika miaka ya 1830 mto ukapita kwa kasi zaidi.

Tuseme kipindi kama cha Maunder kinarudi kesho, kwani kinaweza kurudi. Georg Feulner na Stefan Rahmstorf walikokotoa mwaka 2010 kwamba kingeipunguzia dunia joto kwa nyuzi 0.3 hivi kufikia mwaka 2100, si zaidi. Ni unafuu, lakini ni mdogo kuliko ongezeko tulilokwisha kupata, na ungepotea siku madoa yatakaporudi. Kumwambia mtu asijisumbue kwa sababu jua litapoa ni kumpa ahadi ambayo jua lenyewe haliwezi kuitimiza.

Kuhusu Mars nitasema machache. Joto lake huyumba kwa sababu ya tufani za vumbi zinazofunika sayari nzima. Na kama jua ndilo lililozidi, basi kila sayari na kila mwezi vingeonyesha hivyo kwa pamoja, na havionyeshi. Kuna pia wanaosema jua hubadilisha mawingu kupitia miale inayotoka nje ya mfumo wetu wa jua, wazo la Henrik Svensmark wa Denmark. Ni wazo lililostahili kujaribiwa, na limejaribiwa katika CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya. Athari iliyopatikana kwenye mawingu ni ndogo, na miale hiyo haijaonyesha mwelekeo wa miongo mingi unaofanana na kupanda kwa joto.

Nieleze kwa nini sisi wa taaluma hii tunakuwa wagumu mtu anapotuletea mchoro wa madoa ya jua uliofuatana vizuri na kitu kingine. Tumewahi kuumwa. Mwaka 1801 William Herschel, aliyeigundua sayari ya Uranus, alidhani bei ya ngano Uingereza inapanda madoa yanapopungua. Mwaka 1923 mtaalamu wa tabianchi C. E. P. Brooks alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilipanda na kushuka sambamba na madoa kwa takriban miaka ishirini, ulinganifu mzuri ajabu. Haukudumu. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zililijaza ziwa likapanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 1964, maji yalipokuwa kileleni, jua lilikuwa karibu halina doa. Vitu viwili vinavyopanda na kushuka vitakutana mara mbili tatu hata kama havijuani. Mzunguko wa jua una athari ndogo kwenye majira ya baridi ya Ulaya kupitia ule urujuanimno, na utafiti huo unaendelea, lakini kupanga msimu wa kilimo kwa kuhesabu madoa ni kujidanganya. Anayetaka kujua mvua zake aende kwenye ofisi ya mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yake aulize utabiri wa msimu. Wanatazama bahari kwanza, nao wana sababu.

Je, jua halijawahi kuibadili tabianchi kwa nguvu? Limeibadili, na hapa ndipo somo linaponoga, ila mabadiliko hayakuanzia kwenye jua. Yalianzia kwenye namna dunia inavyokaa mbele yake. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.4, na mwinamo huo ndio unaoleta majira. Watu wengi hudhani majira huletwa na umbali, lakini dunia iko karibu kabisa na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya inatetemeka. Mwinamo wenyewe huongezeka na kupungua kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa miaka 41,000 hivi. Umbo la njia ya dunia hubadilika kutoka karibu duara hadi duaradufu nyembamba kidogo kwa takriban miaka 100,000. Na mhimili unayumba kama pia inayokaribia kuanguka, ili majira yazunguke polepole kwenye njia hiyo kwa muda wa miaka 23,000 hivi.

Mserbia Milutin Milanković alizikokotoa hesabu hizo kwa mkono. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza alikamatwa, kisha akaruhusiwa kukaa Budapest, na humo katika maktaba ya akademia ya sayansi akaendelea kuhesabu. Jumla ya mwanga unaopokelewa kwa mwaka haibadiliki sana, ila mahali na majira yake hubadilika. Kiangazi cha kaskazini kikiwa hafifu, theluji ya mwaka jana haiyeyuki yote, inarundikana, inaakisi mwanga zaidi, bahari iliyopoa inameza hewa ukaa, na dunia inaingia zama za barafu zenye ubaridi wa nyuzi 5 hadi 7 kuliko kabla ya viwanda. Milanković alifariki mwaka 1958 wengi wakiwa hawajamkubali. Mwaka 1976 tope la sakafu ya bahari lilionyesha vipindi vile vile alivyovihesabu.

Na miaka 11,000 hadi 5,000 hivi iliyopita, kiangazi cha kaskazini kilipokutana na siku za dunia kuwa karibu na jua, mwanga wa majira hayo ulizidi wa leo kwa asilimia 7 au 8. Ardhi ikapata joto, ikavuta pepo za mvua ndani ya Afrika, na Sahara ikawa nchi ya nyasi na maziwa. Katika miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, watu walichora ng'ombe na viboko mahali ambapo leo ni mawe na mchanga. Nikitaka kumwonyesha mtu nguvu ya jua juu ya tabianchi, namwonyesha picha hizo. Lakini angalia mwendo wake: maelfu ya miaka. Tena kwa mizunguko hii peke yake, kiangazi cha kaskazini kimekuwa kikipungua nguvu tangu wakati huo, na dunia ilipaswa kuwa inapoa taratibu. Haipoi.

Sasa mambo ya nyumbani kwako. Mwanao asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, picha ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi au taswira kwenye beseni la maji. Retina haina hisia ya maumivu, inaungua kimya. Miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu, inafaa, na doa kubwa litaonekana kama nukta. Bila miwani hiyo, shikeni darubini ndogo ya mkono, mzibe lenzi moja ya darubini hiyo, muielekeze darubini kwenye jua mkiwa mmelipa jua mgongo, taswira iangukie kwenye karatasi nyeupe, na mtu mzima asimame hapo wakati wote ili asiwepo wa kuchungulia ndani yake. Iacheni darubini ipoe kila baada ya dakika moja. Njia iliyo salama kuliko zote ni picha za jua ambazo setilaiti ya SDO ya NASA inazituma kila siku, na ni bure kwenye intaneti. Achore madoa kila jioni kwa wiki mbili ataona jua linavyojizungusha. Akiwahi kulitazama kisha akaona ukungu au doa katikati ya macho lisiloondoka, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Mama yako ananipa wasiwasi zaidi. Wazee huhisi kiu kwa kuchelewa, na mwili wao hutegemea usiku kupumzika na joto la mchana; usiku nao ukiwa wa joto, siku ya tatu huwa mbaya kuliko ya kwanza. Apate maji kabla hajaomba, kivuli, upepo, na kitambaa cha maji shingoni na mikononi, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa ajili ya moyo au figo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia huku mwili ukiwa wa moto, hiyo si ya kusubiri: mwageni maji mwilini, mpepeeni, na mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani, wala msimnyweshe kitu kama hajitambui. Na kabla hayo hayajatokea, mpeleke kliniki na dawa zake zote kwenye mfuko. Dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, na baadhi ya dawa za usingizi na za akili, hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia joto. Asiache kuzitumia kwa uamuzi wake. Daktari wake ndiye wa kusema kama kipimo kibadilishwe siku za joto.